Mistari Mitatu ya Kimya

Fundi wa kurasa za mtandao, wenzake walimwita Kimya, na jina alilichuma mwenyewe. Bosi wa kampuni ya walinzi hakutaka kuona maandishi mekundu ya makosa kwenye kivinjari, basi Kimya akaandika mistari mitatu ya msimbo: kosa lolote lisilodakwa, limezwe. Makosa hayakuisha. Yaliacha tu kupiga kelele.

Jumatatu asubuhi shemeji yake muuza simu, mume wa dada, akaingia ofisini kichwa kimefungwa bendeji, meno mawili hayapo. Akatia komeo. Akaeleza polepole, kama mtu anayeagiza chai: majambazi walimvamia dukani mchana kweupe, akabonyeza kitufe cha dharura kwenye ukurasa wa kampuni mara saba. Mara zote saba ukaandika kijani, walinzi wako njiani. Majambazi wakampiga nondo mpaka wakachoka wenyewe.

"Sasa bonyeza wewe, shem," akasema. "Walinzi wakifika, naacha."

Ngumi ya kwanza ikampasua mdomo. Kimya akabonyeza. Kijani. Ya pili ikamwangusha na kiti chake. Alipojaribu utani, kwamba shemeji hapigwi bure, teke la mbavu likamkata kauli. Kupitia dirisha aliwaona walinzi ng'ambo ya barabara, kibandani kwao, wanacheza drafti. Akapiga yowe, malori yakalimeza.

Akatambaa hadi kwenye kibodi, akafuta ile mistari mitatu, akabonyeza tena. Wekundu ukajaa kioo. Kumbe, Kimya akamsomea shemeji, mteja aliyeacha wazi nafasi ya namba ya simu ya pili kwenye fomu, ujumbe wake ulikufa kabla ya kutoka. Kijani kilitangulia tu, kama mpambe asiye na bwana harusi. Shemeji aliiacha wazi. Yeye fundi pia, kwenye akaunti yake ya majaribio.

Akarekebisha huku damu ikidondokea herufi na makofi yakimhimiza kisogoni. Akabonyeza.

Ng'ambo, ubao wa drafti ukapinduka. Dakika mbili hazikuisha, mlango ukang'oka na bawaba zake, rungu la kwanza likamlaza shemeji chali. La pili lilikuwa limeshapanda juu ya bendeji.

"Mwacheni," Kimya akasema, akitema jino kiganjani. "Huyo ni mteja."

Rungu likashuka taratibu. Shemeji akabaki sakafuni anahema, jicho moja limeziba.

"Walioacha wazi kama mimi wako wangapi?" akauliza.

Kimya akaliweka jino mezani, akafuta damu kwenye kioo kwa kiwiko, akafungua orodha ya wateja.