Jozi ya Nne Mlangoni

Kosa lilikuwa la Paulina, na mwenyewe alikiri: alivua viatu. Alipouona mlango wa kioo wa ile maktaba mpya ya mtaa wao hapo Maskati, na zulia jipya ndani, aliacha ndala zake nje, akawavua na watoto wa bosi wake, Ghaliya na Yaarub, akazipanga jozi tatu ukutani kama watu wanaokwenda kusali.

"Hapa si msikitini, mwanangu," alisema Bi Mwanakheri, mkutubi, Mwomani mwenye Kiswahili cha Unguja. "Lakini madhali mshavua, basi. Zulia nalo lipumzike."

Chumba cha watoto kilinukia rangi na gundi. Yaarub, aliyeyahesabu mapaja ya Paulina kuwa fanicha ya kwao, alikaa papo hapo. Ghaliya alileta kitabu cha kobe. Kilikuwa cha Kiarabu, na Kiarabu cha Paulina kiliishia jikoni, kwa hiyo alisimulia picha tu, kwa Kiswahili, kama bibi yake alivyokuwa akisimulia kule Tukuyu huku ndizi zikitokota.

Alipofika pale kobe anapotaka kuvuka mto, Bupe alitokea katikati ya rafu ya wanyama.

Bupe alikuwa binti yake. Alitakiwa awe Tukuyu kwa bibi yake, na kweli ndiko alikotoka: nywele zilikuwa zinachuruzika maji. Mvua ya Tukuyu haichukui likizo, sawa na Paulina. Yeye aliahidiwa likizo mkataba wa kwanza ukiisha. Ikaja Ramadhani, ikaja harusi ya wifi yake Madamu, mama yao Ghaliya, likaja joto. Pasi yake ya kusafiria ilikuwa kabatini kwa Madamu, ili isipotee.

Bupe aliwaona wenzake peku. Akavua ndala zake, akaenda kuzipanga mlangoni na zao, akarudi.

"Shikamoo, anti."

"Marahaba," alijibu Paulina, maana salamu ni salamu. "Bupe, mimi mama yako."

"Mama yuko kwenye simu," alisema Bupe kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni njia.

Bi Mwanakheri alileta taulo. "Wako huyo? Alhamisi huja mapacha wa Nakimuli, yule yaya Mganda wa nyumba ya pembeni, nao hutokea kwao huko huko. Juzi walikuja na mbuzi. Mbuzi nlimkataza."

"Songa kidogo, baba," Paulina alimwambia Yaarub.

"Hapa pangu."

"Najua ni pako. Songa."

Yaarub akasonga nusu. Bupe akakaa nusu iliyobaki, mgongo umenyooka kama yuko kwenye benchi la zahanati. Paulina akaendelea. Kobe alivuka mto. Mgongo wa Bupe ukalegea kidogo. Kobe akakumbuka kitu, akarudi. Bupe akaegemea, na nywele zake zilinuka moshi wa kuni, moshi wa jiko lile lile. Kobe akavuka tena, akarudi tena.

"Mbona hafiki?" Ghaliya alilalamika.

"Ana mizigo," alijibu Paulina.

Adhana ya magharibi ilipoanza, Bi Mwanakheri alizima taa za mbele. Bupe alishuka pajani.

"Asante, mama wa kwenye simu," alisema, akarudi rafuni kwa njia aliyojia, peku.

Mlangoni zilibaki jozi nne. Ile ya nne ilikuwa ya rangi ya pinki, Paulina ndiye aliyeinunua wiki ya kuondoka. Ilikuwa na udongo mwekundu, na nyuma imelika kabisa, maana kisigino cha Bupe kilishaipita, kilikuwa kinakanyaga chini. Paulina aliitia mkobani pamoja na kitabu cha kobe.

Nyumbani, Madamu alikuwa sebuleni anafukiza ubani.

"Mama, Bupe wa Paulina kaja maktaba," alisema Ghaliya. "Ana miguu mikubwa kuliko mimi."

"Mashallah," alisema Madamu. "Atakuwa kachoka, njia ndefu."

Paulina alizipanga zile ndala kwenye zulia, mbele ya miguu ya Madamu.

"Madamu, hizi zimeshambana. Naomba niende nikamvalishe nyingine kwa mkono wangu."

Madamu aliongeza ubani kwenye chetezo. Moshi ukapanda. Yaarub akaja, akatafuta paja, akakuta Paulina bado amesimama.

"Siku chache tu, Madamu. Naomba."