Trela Nyuma ya Michongoma

Mizelli alipoona gari dogo jeupe likipinda kuingia kijiani, alimgeukia mwanawe. Ni watu wa halmashauri tu waliopita pale polepole vile, kama wanaogopa matope yatawatukana.

"Goliathi! Ingia kwako, funga mlango! Na Athalia asitoe hata pua."

"Mtoto akilia je, mama?"

"Mkeo amnyonyeshe. Au unataka nije nimnyonyeshe mimi?"

Goliathi alikimbilia trela yake nyuma ya michongoma. Kibali cha Mizelli kilikuwa cha trela moja ya kuishi. Hiyo ya pili ilikuwa kosa, na ndani yake mlikuwa na mjukuu ambaye kitovu kilikuwa ndiyo kwanza kimeanguka.

Mgeni alikuwa mwanamke wa makamo, amevaa mabuti ya mpira.

"Naitwa Hilary. Tunapita kwa Wajipsi na Wasafiri wote wanaoishi kwenye trela katika wilaya hii, tujue nani anahitaji nafasi ya kuweka trela yake."

Sauti tamu. Mara ya mwisho Mizelli kusikia sauti tamu hivyo, walikuwa wamepiga kambi karibu na machimbo ya kokoto. Alikuja kijana mpole, akahesabu trela, akanywa chai, akamsifu farasi. Alfajiri yake wakaja madalali wa mahakama na mbwa na magari ya kukokota. Mumewe alitolewa kitandani na soksi tu. Tangu hapo, kwa Mizelli, kuhesabiwa na kufukuzwa ni kitu kimoja.

"Unaishi na nani, Bi Mizelli?"

"Na mbwa."

"Watoto?"

"Mmoja. Yuko Uskochi, anaezeka mapaa."

"Hakuna mwingine atakayehitaji nafasi hapa?"

"Nimeshakwambia. Labda mbwa akioa."

Hilary alicheka kidogo, kisha akageuka. Alikuwa anatazama kreti iliyofunikwa kitambaa safi kando ya ngazi. Juu yake kulikuwa na kikombe, sahani na beseni dogo, mbali na vyombo vingine. Mizelli alifuata macho yale. Alikuwa ameficha watu, akasahau vyombo.

"Hongera," Hilary alisema taratibu.

"Ya nini?"

"Nimezunguka kambi zenu miaka mingi, mama. Vyombo vya mzazi havichanganywi na vya wengine mpaka siku zake ziishe. Na wewe hukuzaa juzi."

"Basi waite madalali wako! Mbona unachelewa?"

"Sikiliza. Nikiandika hakuna mtu, halmashauri itasema hapa hakuna anayehitaji nafasi. Siku wakiikuta trela ya huyo mzazi, mtajitetea na nini? Nikiandika wapo, siahidi kwamba watapewa. Ila wakili wenu atakuwa na pa kushika. Nami lazima nirudi wiki ijayo niwaone kwa macho yangu."

"Yule wa machimboni naye alikuwa na maneno mazuri."

"Simjui. Siwezi kumsemea."

Mizelli alitaka amwone akiapa, akikasirika, akifanya chochote. Hilary alishika tu kalamu yake. Upande wa michongoma hapakusikika kitu, na kimya kile kilimtisha kuliko kilio.

"Goliathi," alisema hatimaye. "Mkewe Athalia. Na mtoto, Sinfai."

Kila jina lilimtoka kama anamkabidhi mgeni mtoto amshike juu ya kisima.

Gari jeupe halijafika barabarani, Goliathi alikuwa ameshairudisha pikapu nyuma, anaifunga trela kwenye pikapu waondoke.

"Umetutaja! Wewe, mama! Wewe uliyetufundisha kutotaja!"

"Akirudi asipowakuta, atatuandika waongo. Hapo ndipo mtakosa kabisa."

"Na akirudi na mbwa?"

Mizelli alikwenda akaketi juu ya chuma cha kukokotea trela, akashika sketi yake.

"Haya, vuta. Nikokote na mimi."

"Shuka, mama. Utakikunja hicho chuma."

"Kikikunjika, mtabaki."

Mngurumo wa gari ulisikika ukikaribia kijia. Wote wawili waligeukia barabara. Athalia alimkumbatia mtoto mlangoni. Gari lilipita, likaendelea na barabara.

Goliathi alizima injini. Ufunguo hakuutoa.