Herufi Yenye Mkia

Rafu ya mwaka 2006 ilikuwa tupu. Profesa Leontina Hurduc alipitisha kiganja juu ya ubao wake, kikatoka na vumbi. Vumbi kavu. Akatazama rafu ya 2005, imejaa. Ya 2007 ilijaa hata tasnifu nyingine zikalazwa juu ya zenzake. Alisimama katikati ya ghala lile la chini ya ardhi, miguu imemvimba kwa ngazi, akajua kwamba amechelewa.

"Mafuriko, Bi. Profesa," alisema Saveta, mtunza nyaraka, bila kuinua macho kwenye fulana aliyokuwa akiifuma.

"Mafuriko gani hayo yanayochagua mwaka mmoja, Saveta?"

"Ya bomba." Sindano zikasita. "Binti yangu kaajiriwa juzi tu, ofisi ya mkuu wa kitivo. Unalijua hilo. Basi mimi nakwambia ni bomba, na wewe nenda nyumbani ukapumzike."

Alichokuwa akikitafuta ni tasnifu ya Anișoara Țugui, mwanafunzi bora kuliko wote aliowasimamia katika miaka thelathini na minne ya kufundisha kompyuta. Kurasa mia moja na kumi na mbili juu ya kuifundisha mashine kusoma mwandiko wa mkono. Siku ya kuitetea alipewa kumi juu ya kumi, na miezi minne baadaye akapanda basi kwenda Italia kulea wazee, kama walivyofanya nusu ya wanawake wa mji ule. Miaka ikapita. Mwaka huu ilitangazwa nafasi moja ya mhadhiri kitivoni, naye akaomba kutoka Bergamo, hukohuko Italia. Katika maombi aliitaja tasnifu yake, jina na muhtasari, kwa kuwa nakala yenyewe ilikufa na kompyuta yake ya zamani.

Jibu lilikuja haraka. Kazi hiyo, aliandikiwa, ni ya Naibu Waziri Mandache, aliyopatia udaktari mwaka 2017. Tasnifu ya jina hilo iliyoandikwa na Anișoara haimo ghalani wala haijawahi kuwamo. Kwa hiyo mwizi ni yeye, na Kamati ya Maadili itaamua kama ataruhusiwa kufundisha tena popote nchini.

Mwenyekiti wa Kamati ya Maadili alikuwa Leontina.

Simu ililia akiwa bado kwenye ngazi.

"Mwalimu, umeipata?" Anișoara alikuwa akinong'ona. Nyuma yake mzee alikuwa akifoka kwa Kiitaliano, anataka kugeuzwa.

"Bado, mwanangu. Naendelea kuitafuta."

"Mimi binti yangu Ilinca nimeshamwambia narudi. Kanigawia kabati lake, nusu kwa nusu. Ana miaka kumi na mmoja, Mwalimu, na mimi nimekaa naye miwili tu. Unajua sikuiba."

"Najua kuliko unavyojua wewe. Mgeuze huyo mzee wako kabla hajakutukana mama."

Anișoara akacheka, na kile kicheko kikamuumiza Leontina kuliko kama angelia.

Jumapili, kengele za kanisa zilipokwisha, alipekua kabati lake la nyumbani mpaka akaipata diski aliyopewa na Anișoara mwaka ule wa kuhitimu. Akaifungua kando ya tasnifu ya Naibu Waziri, maana ile ilikuwa wazi mtandaoni kwa kila mtu. Neno kwa neno zilikuwa moja. Lakini maneno hayamtaji mwenyewe. Kilichomtaja ni herufi.

Katika lugha yao iko s inayosomwa sh, na iko t inayosomwa ts. Chini ya kila moja huwekwa mkato, umejitenga, hauigusi herufi. Kompyuta za zamani hazikuwa na mkato huo, zikawa zinaweka mkia ulioganda kwenye herufi yenyewe. Wengi hawaoni tofauti. Leontina aliiona kama mtu aonavyo unywele kwenye supu, na tangu kompyuta mpya zije alimkata kila mwanafunzi nusu alama kwa kila mkia. Ndiyo sababu walimwita Bibi Mkato, kwanza nyuma ya mgongo, siku hizi hata usoni.

Dibaji ya Naibu Waziri na shukrani zake kwa mkewe zilikuwa na mikato safi, ya kompyuta ya juzi. Kisha ilianza kazi yenyewe, na ikaanza mikia, kurasa mia moja na kumi na mbili za mikia. Hitimisho likarudi kwenye mikato. Leontina alipiga meza kwa kiganja, peke yake jikoni, kwa furaha. Mjinga yule hakujua hata kufuta nyayo.

Jumanne alikwenda kwenye kikao na diski mkobani. Mkuu wa kitivo, Valeriu Stroe, ambaye pia alikuwa makamu wake kwenye kamati, alimbusu mkono kama ilivyokuwa ada yake, akamvutia kiti, kisha akakizuia.

"Kabla hujakaa, dada yangu. Kifungu cha tisa."

Akaelewa papo hapo.

"Tusomee," alisema Stroe kwa upole. "Wewe unakisoma vizuri kuliko sisi. Si ulikiandika mwenyewe?"

Alikiandika, miaka kumi na mmoja iliyopita, pale profesa mmoja alipomkingia kifua mpwa wake. Alijivunia kifungu kile. Akakisoma sasa kwa sauti: "Aliyemsimamia mtuhumiwa katika masomo yake hatakaa, wala hatasema, katika shauri la mtuhumiwa huyo."

"Basi. Kahawa utaletewa nje."

Leontina alikuwa mtu wa kanuni. Katika maisha yake yote hakuwahi kuvuka barabara taa ikiwa nyekundu, hata barabara iwe tupu, na wanawe walimcheka kwa hilo. Alifika mlangoni. Akageuka, akairudia meza, akaiweka diski mbele yao, akasema. Alisema juu ya mikia na mikato kwa dakika mbili, akionyesha karatasi mbili alizozichapa. Wajumbe wanne walimsikiliza.

"Kwa hiyo," alisema Stroe, "tumwangushe Naibu Waziri kwa mkia wa herufi?"

Wakacheka, kama watu wanavyocheka utani wa bosi.

"Hata wewe, Tiberiu?" Leontina alimgeukia mzee aliyekaa mwisho. "Ulikuwepo msichana alipoitetea. Kumi ile ulimpa wewe, kwa mkono wako."

Tiberiu alikoroga kahawa ambayo hakuitia sukari. "Nimekuwa msahaulifu siku hizi, Leontina. Hata dawa zangu nasahau."

"Aliinama akabusu mkono wako!"

"Imetosha," alisema Stroe, akamgeukia karani. "Andika. Profesa Hurduc amekiuka kifungu cha tisa. Amesema. Kielelezo kimeletwa na asiye na haki ya kukileta, hakikupokelewa." Akaisukuma diski kwa ncha ya kalamu mpaka ikafika ukingoni mwa meza. "Umetufundisha wenyewe, dada. Usitukasirikie kwa kuwa wanafunzi wazuri."

Uamuzi ulitoka Alhamisi. Anișoara Țugui alijitwalia kazi isiyo yake, asifundishe popote. Leontina aliondolewa kwenye kamati. Alimpigia Anișoara mara saba bila kujibiwa. Jioni ukaja ujumbe mmoja: "Nimemwambia Ilinca atumie kabati lote."

Jumatatu alikuwa na somo la maadili ya uandishi, wanafunzi sitini. Juu ya meza yake alikuta furushi la karatasi na agizo la Stroe kwamba uamuzi ule ufundishwe kama mfano. Karani alikuwa ameshawagawia wanafunzi. Leontina alivaa miwani. Alitaka kuusoma haraka kama mtu anavyomeza dawa chungu.

Mistari ilikuwa safi, mikato kila mahali, maana kitivo kizima alikizoeza yeye. Akafika kwenye jina. Anişoara Ţugui. Mikia miwili.

Akalisoma tena. Maombi kutoka Italia hayakuwa na kitu chochote chini ya herufi, kwa sababu kompyuta za kule hazina vitu hivyo. Daftari la wahitimu liliandikwa kwa kalamu. Diski yake waliikataa, akarudi nayo nyumbani. Jina lile lenye mikia lingeweza kutoka mahali pamoja tu, kwenye nakala ya ghalani, ambayo, kama tasnifu zote za wakati ule, ilibandikwa diski yenye kazi nzima ndani ya jalada, ile ambayo haijawahi kuwamo. Aliyeuchapa uamuzi alikuwa nayo. Aliifungua, akalinyanyua jina jinsi lilivyo, akaliweka hapa juu ya muhuri wa kitivo.

Mashahidi sitini, na karatasi iko mikononi mwao. Akainua kichwa awaambie.

Wote walikuwa wameinama. Darasa zima lilisikika likikwaruza.

"Mwalimu," alisema Codruța wa safu ya mbele, yule asiyekosa kipindi, "jina lilikuwa na makosa mawili. Tumeshayasahihisha." Akanyanyua karatasi yake. Mikia ilikuwa imekwanguliwa kwa wembe mdogo wa kuchongea penseli, na mikato imetiwa kwa wino, imejitenga, haiigusi herufi, kama alivyowafundisha.

"Usitukate, Bibi Mkato!" akasema mmoja wa nyuma, wakacheka kwa mapenzi.

"Na ile ya ubao wa matangazo?" aliuliza Leontina. "Ile iliyobandikwa chini?"

"Nilimwambia binti wa Bi. Saveta asubuhi," alisema Codruța, uso unang'aa. "Kairekebisha mpaka kwenye kompyuta ya ofisi. Kasema asante sana, wao hawakuyaona makosa."

Leontina aliitazama nakala iliyokuwa mkononi mwake. Ilikuwa na mikia yote miwili. Ilibaki hiyo moja, na aliyeishika ni yeye, ambaye kwa kifungu cha tisa hana ruhusa ya kusema.

"Mwalimu," aliuliza Codruța, kalamu tayari, "hili litakuja kwenye mtihani?"