Mchezaji wa Kumi na Nne

Barafu ilifika saa moja na nusu asubuhi, mapande matatu ndani ya gunia, na Anko akaanza kuyavunja kwa nyundo juu ya sakafu ya saruji. Alivunja taratibu: kwanza mapande, kisha vipande vya ukubwa wa ngumi, kisha chengachenga za kutia kwenye mifuko ya nailoni. Nyuma yake jezi za Jumatano zilining'inia kwenye nondo za dirisha, bado mbichi. Jana zilikaa kwa muda wa saa tisa ndani ya basi zikiwa zimefungwa kwenye mfuko, na sasa chumba kizima kilinuka kama tambara la kudekia.

Leo Jumamosi. Walikuwa wamecheza Jumatatu ya juma lililopita, wakacheza Alhamisi, wakacheza Jumapili, wakacheza Jumatano, na leo saa tisa alasiri walisubiriwa tena uwanjani. Mechi tano ndani ya siku kumi na tatu. Mvua ilikuwa imezamisha viwanja kwa majuma mengi, halafu ligi ikasimama kupisha timu ya taifa, halafu likaja kombe. Wakubwa wa ligi tarehe ya kufunga msimu walishaiuza kwa televisheni, kwa hiyo haikuguswa. Mechi zote zilizolala wakazisukumiza kwenye nafasi iliyobaki, kama mtu anayefunga sanduku lililojaa kwa kulikalia.

Anko alikuwa mchua misuli wa timu mwaka wa ishirini na mbili huu. Hakusomea popote, alijifunza kwa kushika miguu ya watu na kusoma vitabu vilivyochanika majalada. Jina la Anko lilianza na Kiberiti, winga wa kulia, ambaye alikuwa mpwa wake, mtoto wa dada yake wa tumbo moja. Kiberiti alimwita "Anko", timu nzima ikadakia, hata kocha aliyemzidi umri.

Tangu daktari wa timu aondoke mwezi wa pili na nafasi yake kuachwa wazi, fomu ya afya ilimwangukia Anko. Fomu yenyewe ilikuwa karatasi moja. Kila mchezaji aliandika mbele ya jina lake "mzima" au "majeruhi" na kutia sahihi, na Anko akathibitisha kwenye safu ya pembeni. Kanuni zilikuwa mbili. Ya kwanza: timu yenye wachezaji wazima wasiofika kumi na nne haichezi, mechi inasogezwa mbele. Ya pili: aliyeandikwa majeruhi hagusi mpira wa mashindano kwa siku kumi.

Klabu ilikuwa na wachezaji ishirini na watano. Tisa walikuwa majeruhi tayari, wawili wana kadi. Wamebaki kumi na nne kamili.

"Hesabu mnaiona," nahodha alikuwa amewaambia jana ndani ya basi, amesimama katikati ya viti ameshika nguzo. "Mmoja tu ajitoe, wote tunapumzika. Mmoja! Nyote hapa mnachechemea kama mbuzi waliotoka mnadani."

"Tofali atajitoa," mtu akasema kutoka nyuma. "Kifundo chake kimevimba mpaka kiatu kinalia."

"Mimi?" Tofali, beki wa kati, akageuka. "Ajitoe kipa. Yule hata kuinua mkono kujikuna hawezi."

Wakacheka, wakakubaliana, wakasinzia. Kila mmoja alilala akijua kwamba kuna mwenzake atakayejitoa.

Saa mbili walianza kupita mezani kwa Anko, meza ya mbao iliyotandikwa taulo. Kipa alikuwa wa kwanza. Anko alimwinua mkono wa kushoto taratibu, na ulipofika usawa wa sikio kipa akauma mdomo.

"Unauma?"

"Hauumi. Umelala vibaya tu kwenye basi." Akaandika: mzima.

Tofali akaja akiwa amevaa soksi mbili ili uvimbe usionekane. "Anko, funga plasta tu, usiniulize maswali ya mahakamani. Wengine watajitoa." Mzima. Nahodha mwenyewe, aliyehubiri basi zima, akalala kifudifudi na nyonga imekaza kama mlango ulioingia maji. Anko alipobonyeza, jamaa akaushika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Wewe si ndiye uliyesema mmoja ajitoe?"

"Nimesema mmoja, Anko. Sijasema mimi. Nikikaa siku kumi, ung'ang'anizi wa miaka sita unaisha. Yule dogo anayenisubiria namba yuko nje pale ananiombea mabaya." Mzima.

Hivyo ndivyo walivyopita. Siku kumi ndizo zilizowaogopesha. Msimu ulibakiza siku nane tu, na aliyekaa sasa alikuwa amekaa moja kwa moja, mbele ya viongozi waliokuwa wanachagua nani abaki na nani aage. Miezi yote walikuwa wamezoea kumdanganya Anko, naye tangu akabidhiwe fomu alikuwa na utaratibu wake mmoja: mchezaji akisema mzima, anaandika mzima. Mguu ni wa mwenyewe.

Saa tatu na nusu sahihi zilifika kumi na tatu. Kiberiti akaingia wa mwisho.

Alikuwa na miaka ishirini na tisa, mwembamba, mwepesi wa utani. Leo hakutania. Alilala kifudifudi, akaweka kidevu juu ya ngumi zake.

"Anko, taratibu upande wa kulia."

Anko alipaka mafuta, akapitisha kidole gumba nyuma ya paja. Katikati palikuwa na fundo la ukubwa wa yai, gumu, na pembeni yake nyuzi zilikuwa zikitetemeka zenyewe bila kuguswa.

"Hili lina siku ngapi?"

"Tangu Jumapili."

"Na Jumatano ukalikimbilia."

"Nikalikimbilia." Kiberiti akageuza kichwa kuitazama fomu. "Wamebaki wangapi?"

"Umebaki wewe. Wote wamesema wazima."

"Washenzi," Kiberiti akasema, akacheka kwa pua. "Hata kipa?"

"Hata kipa. Mwanangu, huu msuli hauna dakika tisini. Hauna hata thelathini."

Kiberiti alijigeuza akakaa. "Anko, mkataba wangu unajua unavyosema. Nikifikisha mechi ishirini na tano za msimu, unaongezwa miaka miwili wapende wasipende. Ninazo ishirini na nne. Mechi inahesabiwa ukimaliza dakika arobaini na tano. Nikiandika majeruhi leo, msimu umeisha, na mimi nimeisha. Nani anamsajili winga wa miaka ishirini na tisa mwenye paja la kufungwa bandeji? Mke wangu ana ujauzito wa miezi saba. Nimwambie nini?"

Kiberiti alichukua kalamu, akaandika, akatia sahihi.

Kocha alimkuta Anko peke yake na fomu mkononi. Alikuwa hajanyoa, macho mekundu. "Vipi? Wangapi?"

"Kumi na nne."

Kocha akakaa juu ya gunia la barafu kama hakuhisi baridi. "Anko, wewe una safu yako hapo. Ukiandika majeruhi, neno lako linazidi la mchezaji. Mwandike mmoja. Yeyote."

"Nimwandike nani, kocha?"

"Wewe ndiye unayewajua."

"Wewe ndiye kocha."

Walitazamana. Nje kamishna wa mechi, mzee mwenye saa mbili, moja mkononi na moja shingoni, alipiga mlango kwa kalamu. "Fomu yangu! Saa nne ikigonga nawaandikia kuchelewa!"

Anko alipitisha macho kwenye majina. Tofali ana wadogo zake watano. Kipa ametoka kwenye jeraha la mwaka mzima. Nahodha. Akiandika mmoja wao, atakuwa amemtoa mtoto wa watu ili mpwa wake apumzike. Akiandika Kiberiti, atakuwa amemnyang'anya mtoto wa dada yake mkate kwa mkono wake mwenyewe. Alisoma orodha mara mbili kama mtu anayetafuta jina lililopotea. Kisha akatia sahihi zote kumi na nne, mwandiko mmoja ulionyooka, akampelekea kamishna.

"Mnaona?" kamishna akasema bila kusoma. "Vijana wana nguvu. Ninyi wa benchi ndio mnaochoka."

Mechi ilianza jua likiwa bado kali. Ilichezwa kwa kutembea. Wageni na wenyeji walikuwa na ratiba ileile, wote walikuwa wakipiga mpira mrefu ili wapate kupumua ukiwa hewani. Mashabiki walizomea. "Mmekunywa dawa za usingizi?" mmoja alipiga kelele, na Tofali, aliyekuwa karibu, akamwonyesha kifundo chake.

Dakika ya arobaini mpira ulimwangukia Kiberiti pembeni, nafasi wazi mbele yake. Miguu ilikumbuka kazi yake. Alichomoka, hatua ya tatu, ya nne, na ya tano haikuwepo. Alishika paja kwa nyuma na kuanguka ubavu.

Anko alikimbia na begi. Alipopiga magoti, Kiberiti alikuwa amefumba macho.

"Dakika ngapi?"

"Arobaini na moja."

"Nifunge. Nisimame tu."

"Kiberiti..."

"Nisimame tu, Anko!"

Mwamuzi akainama. "Anaendelea? Haraka!"

Anko alifungua begi. Alitoa bandeji, akaikunjua yote, akaiona ina mkunjo, akaikunja tena. Akatafuta mkasi uliokuwa juu kabisa. Maisha yake yote uwanjani alijulikana kwa wepesi. Leo alifunga kama anafundisha darasa, raundi moja, raundi ya pili, akipima mkazo kila mara. "Mzee, unasuka mkeka?" mwamuzi akafoka. Kwenye benchi mchezaji wa akiba alikuwa ameshavua fulana na ubao wa namba ulikuwa tayari. Anko alimtazama kocha kutoka mbali na kuinua vidole vitatu: dakika zilizobaki. Kocha aliutazama ubao, akamtazama Kiberiti, akageuka kutafuta chupa ya maji ambayo ilikuwa miguuni kwake.

Kiberiti akarudi uwanjani, akasimama kwenye mstari kama nguzo ya kona. Wapinzani hawakuwa vipofu. Mara mbili walipita upande wake, na mara ya pili mpira uliingia wavuni. Kipa hakuinua mkono wa kushoto. Tofali alipiga magoti. Hakuna aliyemlaumu Kiberiti. Nahodha alipita, akamgusa bega, akaenda kuweka mpira katikati.

Filimbi ya mapumziko ikalia.

Walimbeba hadi mezani. Anko aliweka barafu, akasubiri, akaiondoa, akabonyeza polepole pale lilipokuwa fundo. Halikuwepo. Kidole kilizama, kikakuta mahali patupu, pana kama upana wa vidole viwili, na juu yake msuli uliokatika umejikunja kama soksi iliyoshuka.

"Fundo limepungua, eh?" Kiberiti aliuliza. "Msuli hauumi kama mwanzo. Nausikia umelegea."

"Lala."

Katibu wa klabu aliingia, simu mkononi, shati limenyooka. Alikuwa mtu wa taratibu, si mbaya. "Kiberiti, hongera. Nimeangalia saa mwenyewe: arobaini na tano na ziada. Haki ya mtu ni haki yake. Mkataba mpya upo, hatubishani." Akageuza simu kusoma. "Ukipita vipimo vya afya tu, unatia sahihi. Ni Alhamisi, saa tatu asubuhi."

"Nitakuja," Kiberiti akasema. Akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Anko, si nitakuwa sawa Alhamisi?"

Wengine walikuwa wanavaa soksi, hawakuinua vichwa. Kutoka mlangoni kamishna alipiga kelele kuwa wanachelewesha kipindi cha pili, na kwamba mechi ya Jumanne imerudishwa nyuma, itachezwa Jumatatu.

Anko alichukua taulo kavu, akalifunika paja lote, akalichomeka pembeni kwa uangalifu ili lisiteleze.

"Mpigie mkeo kwanza," akasema. "Mwambie umemaliza dakika zako."