Pingamizi la Bomba Kuu

Ethel alikuwa mpiga kinanda wa kanisa lao, nje kidogo ya Newala, tangu hajaolewa, mpaka panya walipotafuna mivukuto ya ngozi na kile kinanda cha mabomba cha wamisionari kikanyamaza. Miaka ikapita. Hatimaye fundi Gerson alikuja kukijenga upya, akauliza kiwekewe sauti zipi.

"Filimbi laini, baba," Ethel aliwahi kujibu.

"Laini?" Mzee Edmund, mzee wa kanisa, alisimama. "Wenzetu wa kanisa la barabarani wana spika! Sisi tupe bomba la kunguruma, lisikike mpaka Masasi kule bondeni."

Walibishana hadi fundi akachoka, akaweka vyote: filimbi za Ethel mbele, na nyuma bomba kubwa la mbao, refu kupita mlango, la Mzee Edmund.

Siku ya kwanza ya kinanda ikawa harusi ya Isabela, binti wa Ethel, na Fortunatus, mwana wa Edmund. Bibi harusi aliingia kwa madaha. Padri akauliza kama yupo mwenye pingamizi.

Buuuuuu!

Kanisa zima likageuka. Ethel akainua mikono juu, waone hajagusa kitu. Bomba likaendelea.

"Mama Isabela," Edmund alinong'ona kwa ukali, "kama hukumtaka mwanangu, si ungesema kwenye posa?"

"Bomba lako hilo! Mbao zimevimba kwa mvua, kilango cha upepo kimenasa wazi."

Shangazi wa bwana harusi akaanza kulia kwamba mizimu imekataa. Ethel akazima feni ya upepo iliyowekwa badala ya mivukuto, bomba likakata roho kwa mlio wa beberu. Padri akauliza tena, hakuna aliyepinga. Lakini wimbo ulipofika na feni ikawashwa, buuuuuu!

Hapo Edmund akavua koti lake jipya, akazunguka nyuma, akalisokomeza kwenye mdomo wa bomba na kulikumbatia bomba kwa nguvu zote. Sauti ikafifia, ikabaki kama mtu anayekoroma chumba cha pili.

Ethel aliona viatu vya Edmund tu vikitetemeka chini ya bomba. Akacheka kimoyomoyo. Akapiga wimbo taratibu, beti zote, na kiitikio akakirudia.

Edmund alitoka amejaa vumbi, jasho likimchuruzika.

"Mkwe, na kiitikio umerudia?"

"Harusi haina haraka, mkwe," alisema Ethel, akimpangusa bega.