Koti Lipo

Koti nililishona mwenyewe, kitambaa cha kijivu kizito, siku mdogo wangu alipopata kazi idara ya maji. Mimi ni fundi cherehani. Wateja wakinikimbia leo, kesho nalala njaa. Kwa hiyo nilimwambia, "Hapo umepata pa kuzeekea. Tulia, usijitie kiherehere. Vaa koti, kaa."

Akacheka. "Dada, pampu haitengenezwi na koti."

Ndivyo alivyokuwa. Tangu utotoni alifungua kila kinachonguruma. Kazi ile yeye aliipendea mitambo. Mimi na mama tuliipendea bima, maana figo za mama zimegoma, na bila bima ya mwanawe hasafishwi damu. Na mwanawe mwenyewe bado yuko kwenye majaribio, hajathibitishwa. Kosa moja tu, kazi kwaheri, na mama ndiyo basi. Nilimwimbia hayo kila siku mpaka akawa ananikimbia.

Ofisini kwao fundi haendi popote mpaka bosi aidhinishe, na bosi haonekani. Koti lake ndilo linaloonekana. Desturi yao ni hiyo: mtu analitundika kitini, anakwenda dukani kwake au anarudi kulala, na akiulizwa wenzake wanajibu, "Yupo, koti lake lipo." Mdogo wangu alikuwa akituigizia nyumbani, mama anacheka mpaka anashika mbavu. Yeye mwenyewe ujanja huo aliudharau.

Jumatatu ile aliamka amenuna. Pampu ya zahanati imekufa, wazazi wanajifungua hakuna hata maji ya kunawa, na yeye ameomba ruhusa wiki nzima bila jibu.

Nikamtolea macho. "Wee! Usithubutu kwenda. Unataka kumzika mama?"

Akachukua koti lake akatoka.

Mchana roho haikutulia, nikapiga simu ofisini. Akapokea kijana anayekaa naye meza moja.

"Yupo, dada. Koti lake si hili hapa?"

Jamani, nilifurahi! Nikasema mtoto ametia akili. Nikarudi kwenye cherehani yangu naimba.

Kumbe wakati naimba, yeye yuko kwenye shimo la pampu kule zahanati. Hana ruhusa, kwa hiyo hana msaidizi wala kamba. Pampu ya mafuta aliitengeneza, ikawaka, na moshi wake ukamzidi humo humo chini. Maji yakatoka mabombani. Wakunga wakapiga vigelegele, ndoo zikajaa, na hakuna aliyeuliza maji yameletwa na nani.

Jioni mlinzi wa zahanati aliona mfuko wa spana pembeni mwa shimo. Si mjinga yule baba. Alipiga simu idarani kuuliza kama kuna fundi wao huko chini. Akajibiwa hapana, mafundi wote wapo ofisini. Akauweka mfuko vizuri, mwenyewe asije akaukosa.

Walimtoa asubuhi.

Kutoka mochwari nilikwenda moja kwa moja idarani. Sijui nilifikaje. Nilichotaka ni koti langu tu, nimvalishe. Na maneno ya kumwambia bosi nilikuwa nayo tele.

"Hodi," nikasema.

Chumba kizima makoti yamekaa vitini, mtu hakuna. Hata wa kumtukana nilimkosa. Nikaliona la kijivu, mshono wangu, nikalitoa kitini.

Yule kijana akaingia na kikombe cha chai. Habari zilikuwa hazijamfikia. Alinitambua, akatabasamu, kisha akaona nilichoshika. Akaja mbio, akachungulia mlangoni, akaninong'oneza:

"Dada, hilo liache. Ukilitoa, bosi atajua jamaa hayupo. Na bado hajathibitishwa."

Nikalikunja, nikalikumbatia kifuani.

"Hayupo," nikamwambia. "Bosi wako akija, mwambie hayupo."