Ushuhuda wa Leonida Amondi

Sakafu iliinuka upande wa kulia, na Leonida Amondi akaikumbatia nguzo ya chuma kando ya mashine namba kumi na nne. Mashine ilikuwa ikizunguka na kufuma gunia, kazi yake ya kila siku. Lakini sasa paa nalo lilizunguka, na taa, na madirisha. Alifumba macho. Gizani mzunguko ukazidi kasi, na uji wa asubuhi ukamtoka wote, ukamwagikia mabaki ya nyuzi za plastiki.

Waiyego, binti wa mashine ya kumi na tano, alizima mashine zote mbili akamshika kiuno. Alikuwa amemshika hivyo mara tatu tangu Januari. Walikuwa na mpango wao: Leonida anakalishwa nyuma ya marobota, Waiyego anafagia, na kazi inaendelea kabla mkubwa yeyote hajajua. Safari hii msimamizi wao, Kinyanjui, alikuwa keshafika.

Kinyanjui hakuuliza mtu anaumwa nini. Alimwamuru Leonida ampumulie puani. Alinusa, akakunja uso, akasema matapishi hayo yanafunika harufu na ujanja wa walevi anaujua. Leonida alitaka kumjibu, lakini sikio lake la kulia lilikuwa limeziba na kuvuma, na maneno yalimfikia kama yanatoka ndani ya debe. Alipojaribu kutembea aliyumba, akagonga rundo la magunia, na vijana wa kupakia wakacheka. Walimcheka shemasi wa kanisa la Sabato, mwanamke ambaye hata majani ya chai hayaingii nyumbani kwake. Aliandikiwa barua ya kumtaka ajieleze na kupewa siku tatu.

Ugonjwa wake aliujua tangu Machi. Daktari wa masikio alimchorea kwenye karatasi kitu kama konokono, akamweleza kwamba ndani ya sikio kuna maji yanayomjulisha mtu kama amesimama wima au ameinama, na kwamba yake yalikuwa yamezidi. Hakuna dawa ya kuumaliza, kuna za kuutuliza. Apunguze chumvi. Aondoke kwenye kelele. Kuhusu chumvi aliahidi. Kuhusu kelele hakuweza kuahidi, kwa maana alikuwa amefanya kazi ndani ya kelele hiyo miaka kumi na saba, na vizibo vya masikio aliviona siku moja tu, siku ya wakaguzi, vikakusanywa jioni. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wahenga hao hawakuwahi kuajiriwa kiwandani.

Siku ya tatu aliingia ofisini kwa Madam Chepkirui, afisa wa wafanyakazi, akiwa na barua ya daktari. Alikuwa ameiweka ndani ya Biblia isikunjike, na moyoni aliamini barua hiyo ingemsafisha. Chepkirui hakuwa mtu mkali. Alimsogezea kiti, akauliza watoto wanaendeleaje, akaisoma barua mara mbili. Kisha akainuka akafunga mlango.

"Mama, hii barua nani mwingine ameiona?"

"Hakuna, Madam."

"Sawa. Nikiiweka kwa faili yako, lazima nikutoe kwa mashine leo. Na hapa nani anafanya kazi bila mashine? Ni mimi na soja wa geti."

Leonida alisema angeweza kukunja magunia akiwa ameketi. Akajibiwa kwamba wanaokunja ni vibarua wa siku, na hata huko kelele inafika.

"Na ona, daktari ameandika kelele." Chepkirui aligonga neno hilo kwa kalamu. "Wakubwa wakiiona, wataanza kuuliza ni wangapi wengine wako hivi. Hawatauliza wewe unaendelea aje. Utaenda nyumbani na ugonjwa wako, na hiyo kesi ya fidia utaisukuma mpaka uzeeke."

Leonida aliuliza basi afanye nini. Sauti yake ilitoka ndogo, na alijichukia kwa hilo.

Madam alimweleza kwa upole. Tangu serikali ianze msako wa pombe haramu, kiwanda kilikuwa na mpango wa kuwaokoa walevi. Mlevi akikiri anaombewa mbele ya wenzake, anapumzishwa wiki mbili, anarudi kwa mashine yake. Mkurugenzi aliupenda mpango huo kupita kiasi. Tatizo ni kwamba wanaume wote waliokiri mwaka huo walikuwa wameirudia chupa, na Ijumaa alihitajika mtu wa kutoa ushuhuda.

"Mlevi tunaweza kumsaidia, Mama. Mgonjwa hatuwezi."

"Mimi sijawahi kuonja pombe, Madam. Iliniulia baba."

"Hiyo usiiseme Ijumaa," Chepkirui akasema, na kumrudishia barua yake.

Siku mbili zilizobaki kabla ya Ijumaa Leonida hakutulia. Alifua nguo ambazo tayari zilikuwa safi. Alitembea hadi mlangoni kwa mzee wa kanisa mtaani Langas, akasimama, akarudi bila kubisha. Jina lake ndilo mali pekee aliyokuwa ameipata katika mji huu. Lakini alikuwa na watoto wawili shuleni na mume kaburini, na katika Eldoret nzima hakujua mlango mwingine ambao ungemfungulia mwanamke wa miaka arobaini na sita anayeanguka bila taarifa.

Ijumaa saa nne mashine zilizimwa, wafanyakazi wakajaa ghalani. Pasta Murunga, aliyekuwa akiwaombea walevi wa mpango huo, alimkabidhi kipaza sauti. Leonida akasema Bwana asifiwe, wakaitikia, akasema yeye alikuwa mlevi. Kwa kuwa ushuhuda bila mambo yenyewe hauaminiki, aliazima ya baba yake: chupa iliyofichwa ndani ya mahindi, kuku wa mama waliouzwa, usiku wa kulala mtaroni mvua ikinyesha. Yalimtoka kwa urahisi uliomtisha. Watu walilia. Wasabato wenzake watatu walitazama viatu vyao.

Pasta alimwekea mkono kwenye paji la uso na kumsukuma kidogo, kama wafanyavyo. Kichwa kilipoenda nyuma, ghala zima lilipinduka. Leonida alidaka koti la pasta, likamponyoka, akaanguka kwa ubavu. Pasta akatangaza kwamba pepo wa pombe anatoka. Makofi yakarindima. Pale chini Leonida alikuwa akikwaruza saruji kwa kucha, akitafuta pa kushika ili dunia isimtupe, na wao wakaimba. Chepkirui alisimama karibu naye, akimwonyesha mpiga picha pa kusimama.

Waiyego alipenya katikati ya watu, akapiga magoti, akainamisha kichwa kama anayeomba.

"Mama," alinong'ona kwenye sikio lake lisiloumwa, "langu la kushoto linavuma tangu Jumapili, haliachi. Lako lilianza hivyo?"

Leonida alijaribu kumtazama. Uso wa binti ulikuwa ukienda na kurudi. Kando ya goti la binti aliviona viatu vya Madam, vimesimama pale pale, umbali wa kusikia.

"Mimi nilikuwa nakunywa, Waiyego," akasema kwa sauti ya kusikika. "Rudi kwa mashine yako."

King'ora cha kazi kikalia. Waiyego aliinuka, akajipangusa magoti, akaenda na wenzake huku ametia kidole sikioni.